Kisinia cha Mwalimu Esinam

Kila siku akitoka shule, Dzigbordi alifanya mambo manne kwa mpangilio uleule. Alivua viatu mlangoni, akanawa, akala akple, ugali wa kwao, na mchuzi wa bamia aliofunikiwa mezani, kisha akaichukua kompyuta kwa mkono mmoja na kwenda nayo barazani. Kwa mkono mmoja, ndiyo. Ilikuwa kompyuta mpakato nyembamba ya plastiki ya buluu, nyepesi kuliko mkoba wake wa shule. Watoto wa mtaani kwao pale Hohoe walikuwa wameipa jina la Kisinia.

"We Dzigbordi!" Etornam, mtoto wa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, alipenda kumpigia kelele. "Leo mnapakua nini kwenye hicho kisinia? Wali au viazi vikuu?"

Zamani Dzigbordi angemjibu, tena jibu la kumkata maini. Alikuwa na ulimi huyo mtoto! Siku hizi alimtazama tu, akapita. Etornam alibaki kucheka peke yake, na kucheka peke yako hakuna raha, basi akaacha.

Aliyeinunua Kisinia ni mama yake, Mwalimu Esinam. Aliichagua kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote dukani. Aliitumia kutunga mitihani na kuwaandikia majirani barua zao, na mdogo wake, Akpene, aliyekuwa akiishi nao, akaitumia kutengeneza vijitabu vya mazishi. Kwetu mtu hazikwi bila kijitabu. Picha yake huwekwa jaladani, kisha hufuata maisha yake, majina ya watoto wake kwa mpangilio wa kuzaliwa, na maneno ya buriani kutoka kila upande wa ukoo. Kila Jumamosi kuna mazishi, kwa hiyo kila wiki kulikuwa na kazi.

Kisinia kilikuwa kizito cha kufikiri. Ukibonyeza faili kubwa, unaweza kwenda kuteka maji ukarudi ndipo ukalikuta limefunguka. Nafasi yake nayo ilikuwa finyu, ikijaa upesi kama kibaba. Lakini betri yake ilidumu tangu asubuhi hadi magharibi. Umeme ulipokatika mtaa mzima, wenye kompyuta kubwa walikaa vibarazani wakipiga miayo, na Akpene akaendelea kuandika.

Mwezi wa pili Mwalimu Esinam aliugua siku tisa, akafa.

Akpene alikitengeneza kijitabu cha dada yake kwenye kompyuta ya dada yake. Hakulala wala hakula wiki ile, na kilitoka kizuri kuliko vyote alivyowahi kufanya. Siku ya mazishi wanawake walivaa vitambaa vyekundu na vyeusi, kama inavyopasa anapokufa mtu ambaye bado kijana. Walilia hadi wengine wakashikiliwa. Dzigbordi hakulia. Alikaa mbele akatazama viatu vyake.

"Mtoto gani huyu, macho makavu hivi?" mmoja alinong'ona, na mnong'ono wenyewe ulisikika safu tatu.

Si kwamba alikataa kulia. Alikingoja kilio kama mtu anavyongoja chafya, nacho hakikuja. Mwezi wa tatu ukapita, wa nne, wa tano. Alikwenda shule, alikula, alilala. Akijigonga kidole kwenye kizingiti alisema "aa," kwa sababu ndivyo watu wanavyosema. Bamia haikuwa na ladha, lakini aliimaliza. Moyo wake ulikuwa umekufa ganzi, na alishaanza kuuzoea hivyo.

Kuna kazi moja aliyoirithi. Kila Ijumaa Mwalimu Esinam alikuwa akinakili kila kilichomo ndani ya Kisinia na kukiweka kwenye flashi ndogo, iliyoning'inia kwa uzi kwenye msumari kando ya kalenda. "Kitu kidogo hukipakii mzigo wote," alikuwa akisema. Baada ya mazishi Akpene alimkabidhi Dzigbordi flashi hiyo. Ijumaa ya kwanza Dzigbordi aliishika, akaitazama, akairudisha msumarini.

"Umenakili?" Akpene aliuliza kutoka jikoni.

"Ndiyo, mama mdogo."

Hakujua kwa nini alisema ndiyo. Neno lilitoka tu. Ijumaa iliyofuata likatoka tena, na nyingine, na nyingine, hadi likawa jambo la kila wiki kama kufagia uwanja.

*

Mwezi wa sita akafariki Bibi Yawa, mwenye miaka tisini na minne. Mwanawe mkubwa, Mzee Agbeko, karani mstaafu wa mahakama, alileta bahasha iliyojaa karatasi zilizoandikwa kwa mkono.

"Watoto tisa, wajukuu arobaini na mmoja," alisema akivuta miwani. "Majina yote yamo. Akikosekana mmoja, binti yangu Akpene, mimi na wewe tutahama mji."

"Hatutahama, mzee wangu. Jumatano njoo usome, Alhamisi tunachapa."

Sasa sikilizeni jinsi kazi ile inavyofanywa. Hakuna mtu kwetu anayeanza kijitabu kwenye ukurasa mtupu. Unafungua cha marehemu aliyetangulia, unakihifadhi kwa jina jipya, kisha unafuta ya huyu na kuandika ya yule. Kwa kuwa Kisinia hakikuwa na nafasi ya kuweka vingi, Akpene alivifuta vyote vilivyokwisha chapwa, akabakiza kimoja tu cha kufuatiza. Kilikuwa cha Mwalimu Esinam. Na kanuni ilikuwa moja: jina kwanza, kufuta baadaye.

Jumanne Akpene alikwenda sokoni kununua karatasi, akamwachia Dzigbordi kazi ya kuanza. Dzigbordi alifungua faili. Picha ya mama yake ikatokea, amevaa gauni la kijani. Aliifuta. Akaweka ya Bibi Yawa, ambayo Akpene alikuwa ameshaiingiza, akafuta jina, akaandika Yawa Agbeko. Aliandika mchana ule wote, vidole vikienda vyenyewe, na kila baada ya kurasa mbili alibonyeza kuhifadhi kama alivyofundishwa. Alipofika mwisho akafunga faili. Ndipo alipoona jina la faili kwenye kioo. Lilikuwa bado jina la mama yake.

Alilifungua tena. Bibi Yawa alimtazama kutoka jaladani, amevaa kilemba, hana jino la mbele. Mama yake hakuwamo.

Dzigbordi alingoja moyo ushtuke. Haukushtuka. Alikaa akisikiliza mashine ya mshona nguo ng'ambo ya barabara, akabadilisha jina la faili likawa la Bibi Yawa, akafunika kompyuta. Lililomtisha kidogo, kama kuna lililomtisha, ni kwamba hakutishika.

*

Jumatano Mzee Agbeko aliketi barazani, akasoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaipangusa, akasoma tena.

"Akpene."

"Naam, mzee."

"Hapa juu pameandikwa nini?"

Akpene aliinama. Juu ya picha ya Bibi Yawa, kwa herufi nyekundu, palikuwa na maneno yaliyowekwa kwa ajili ya kifo cha mama kijana: PIGO LILILOJE HILI!

"Pigo?" Mzee Agbeko alisema. "Pigo lipi? Mama yangu alikuwa na miaka tisini na minne! Ametuaga mara nne, mara zote akaamka akaomba uji. Sisi tumeshona vitambaa vyeupe vya kusherehekea, wewe unaniandikia pigo. Watu wakisoma hili watasema mazishini kwetu kuna wenda wazimu!"

"Tutarekebisha, mzee, nisamehe. 'Ameitwa Utukufuni', ndivyo inavyotakiwa."

"Ngoja, sijamaliza." Alifunua ukurasa wa watoto, akaweka kidole. "Mtoto wa kwanza, Agbeko. Huyo ni mimi. Wa tisa, Afi. Sawa. Wa kumi, Dzigbordi, miaka kumi na miwili." Akainua macho. "Kumbe mama alizaa akiwa na miaka themanini na miwili na hakutuambia! Na mdogo wangu mwenyewe ndiye huyu hapa ananitazama."

Hata Akpene alicheka, ingawa uso ulimwaka kwa aibu. Mzee Agbeko hakucheka. Alisema kwenye kituo cha mabasi kuna mtu mwenye kompyuta kubwa kama kabati, na kwamba kesho asipokuta kijitabu kilichonyooka ataelekea huko. Akaondoka.

"Dzigbordi, umefanyaje?" Akpene aliuliza. "Hebu fungua kile cha mama yako nione yaliyobaki humu ni yapi."

"Hakipo."

"Hakipo vipi?"

Dzigbordi alikitazama Kisinia. "Kompyuta imekifuta. Yenyewe. Ilikwama, ikajizima, ilipowaka hakikuwapo. Na haya makosa ni yake pia. Ni ndogo, mama mdogo. Imeshindwa."

Akpene alikaa chini. Aliweka mkono shavuni.

"Haya," alisema. "Mungu mkubwa, kipo kwenye flashi. Wewe unanakili kila Ijumaa. Wacha tumalize hii ya watu kwanza."

Walirekebisha pamoja hadi jua likazama, na Alhamisi Mzee Agbeko alisoma kila jina kwa sauti, watoto kwa wajukuu, akaridhika. Lakini Akpene hakuwa amesahau. Wakati wa kula alisema, "Jana imetuaibisha, kesho itatunyima riziki. Nimezungumza na fundi Selasi. Atatupa kompyuta kubwa, ya mezani, na hii ataichukua aitoe vipuri. Na mimi naumia, usidhani siumii. Ni ya dada yangu. Lakini kifaa kinachokula kazi za watu hakifugwi."

Dzigbordi alimaliza bamia yake. Akainuka, akaosha bakuli.

*

Ijumaa fundi Selasi alifika akisukuma toroli, ndani yake kompyuta kubwa imefungwa blanketi kama mgonjwa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, mwembamba, na penseli sikioni.

"Leteni mhalifu," alisema. Akakiinua Kisinia kwa vidole viwili, akakipima uzito, akatabasamu. "Hata nzi akitua juu yake kinahisi. Nitatoa kioo, nitatoa betri, haya mengine nitatupa."

"Kwanza tuhamishe vitu vyetu," Akpene alisema. Akanyoosha mkono kwenye msumari, akaifungua ile flashi uzi wake. "Kila kitu kimo humu. Mtoto huyu ananakili kila Ijumaa, hajakosa hata moja. Kijitabu cha mama yake ndicho ninachokitaka zaidi."

Selasi alipokea flashi. Kwa mkono mwingine tayari alikuwa ametoa bisibisi, akakigeuza Kisinia tumbo juu. Nyuma, karibu na tundu la chaja, kulikuwa na kipande cha karatasi kilichogandishwa kwa gundi, na juu yake mwandiko wa kalamu nyekundu: Mwl. Esinam, Darasa la Nne. Selasi aliweka ncha ya bisibisi kwenye skurubu ya kwanza.

"Usiifungue," Dzigbordi alisema.

Wote wawili walimgeukia. Sauti ilikuwa imetoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Haikufuta. Ni mimi. Niliandika ya Bibi Yawa juu ya ya mama. Sikubadilisha jina kwanza."

"Basi si neno, mwanangu," Akpene alisema polepole. "Bahati mbaya ipo. Si kipo kwenye flashi?"

"Hakipo. Kwenye flashi mna vya zamani tu, alivyonakili mama." Alitazama msumari. "Sijanakili hata siku moja tangu tumzike."

Selasi, aliyekuwa na neno kwa kila jambo, alirudisha bisibisi mfukoni.

"Kila Ijumaa nakuuliza," Akpene alisema. "Kila Ijumaa unanijibu ndiyo. Majuma mangapi hayo?"

"Kumi na saba."

"Ulihesabu!"

"Nilihesabu."

"Na jana umekaa hapa unakula, unanisikia nikisema kompyuta ya dada yangu itolewe vipuri, ukanyamaza. Kwa nini, Dzigbordi? Nieleze nielewe."

Dzigbordi alitafuta jibu kwa bidii, jinsi mtu anavyotafuta ufunguo. "Kunakili ilikuwa kazi yake," alisema. "Nikishika flashi naona mkono wake. Halafu sihisi kitu. Naona tu. Nikaona bora nisiishike."

Selasi alikohoa, akakichukua Kisinia, akakiwasha, akabonyezabonyeza.

"Dada Akpene, wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu amejirudia mwenyewe kabla haijakatika. Mimi nitakwambia la ufundi tu. Kompyuta hii haina ugonjwa wowote. Imejaa, basi. Mmeijaza hadi haiwezi kupumua. Yenyewe inafanya ilichoambiwa, hata kama aliyeiambia amekosea." Akaanza kulifunga tena lile blanketi. "Hii kubwa narudi nayo. Wala msiniombe radhi, toroli langu limezoea."

*

Adhabu ilikuwapo, msidhani haikuwapo. Akpene alifungua sanduku, akatoa chini ya vitambaa vyekundu na vyeusi kijitabu kimoja kilichochapwa siku ile ya mazishi.

"Utakiandika upya chote," alisema. "Neno kwa neno. Picha ninayo kwenye simu."

Dzigbordi aliketi barazani Jumamosi na Jumapili yote. Hakuwahi kukisoma kijitabu hicho. Aliandika mahali mama yake alipozaliwa, shule alizofundisha, jina la kwaya yake. Jumapili alasiri akafika ukurasa ulioitwa "Neno la Binti". Siku ya mazishi mzee wa kanisa alikuwa ameusoma kwa niaba yake, na yeye hakusikia hata neno. Sasa alisoma: Mama mpenzi, tangu uondoke macho yangu hayajakauka. Nalia asubuhi, nalia jioni, mto wangu umelowa machozi.

Vidole vyake vilisimama.

"Mama mdogo."

Akpene alikuja akifuta mikono.

"Hii si kweli," Dzigbordi alisema. "Mimi sikulia. Sijalia hata leo."

Akpene alisoma ukurasa ule. Kisha akavuta kigoda, akaketi kando yake.

"Si kweli," alikubali. "Tena wala si maneno yangu. Niliyachukua kwenye kijitabu cha mtu mwingine, nikafuta jina, nikaandika lako. Nilijua hukulia. Niliogopa watu watasemaje, nikakulilia kwa karatasi." Alipangusa jicho kwa mgongo wa mkono. "Mimi ninayekukemea kwa uongo, nilikutangulia. Nisamehe, mwanangu."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kumwomba Dzigbordi msamaha.

"Sasa niandike nini?"

"Andika ya kweli. Hata kama ni mistari miwili."

Umeme ulikatika wakati huo. Redio ya mshona nguo ikanyamaza ng'ambo ya barabara, na mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Kisinia hakikutikisika. Dzigbordi alifuta maneno yaliyokuwapo, akaandika polepole:

Mama yangu ni Esinam. Kila Ijumaa alinakili kazi zake kwenye flashi, na alipokuwa akingoja alinikwaruza kichwa kwa kofia ya kalamu. Sijalia bado. Bamia haina ladha. Nimefuta kijitabu chake kwa makosa, kisha nikasingizia kompyuta yake.

Alipofika hapo herufi zikaanza kucheza kwenye kioo. Alidhani ni kompyuta. Alipangusa kioo kwa kiganja, zikaendelea kucheza. Tone moja likaanguka juu ya kibodi, na Akpene akakivuta Kisinia taratibu kutoka mapajani mwake, maana kompyuta na maji havipatani, kisha akamvuta na yeye. Haikuwa ile gharika ya kijitabu. Yalikuwa machozi machache, yakaisha, na ganzi ikarudi karibu yote. Karibu.

*

Ijumaa iliyofuata Dzigbordi alitoka shule, akavua viatu, akanawa, akala.

"Umenakili?" Akpene aliuliza kutoka jikoni.

Dzigbordi alitazama msumarini. Flashi ilikuwa inaning'inia palepale.

"Bado," alisema.

Jikoni mwiko ulitulia. Akpene alitokeza kichwa mlangoni.

"Unaona neno hilo?" alisema. "Ungeniambia bado Ijumaa ya kwanza, ningekuja tukashika pamoja. Anayesema bado, kazi yake inamngoja, na watu watamsaidia. Anayesema tayari na hajafanya, hana wa kumsaidia, kwa sababu hakuna anayejua. Iwe ni flashi, iwe ni kulia. Usione haya kusema bado."

"Ndiyo, mama mdogo."

Dzigbordi aliifungua flashi uzi wake, akaichomeka ubavuni mwa Kisinia, akabonyeza. Kilikuwa kizito kama kawaida yake. Kwenye kioo mstari wa kijani ulianza kusogea, kidogo kidogo, ukibeba kurasa za mama yake upande wa pili. Alikaa akaungoja hadi mwisho, akijikwaruza kichwa kwa kofia ya kalamu.